Maji ya kampasi: matokeo yake nayo yabandikwe kwenye valvu

Katika chuo kikuu chochote cha Bukavu, Goma, Uvira, Butembo ao Lubumbashi kuna pahali kila mwanafunzi anapajua: valvu, ule ubao wa matangazo unaofunikwa na kioo ao na wavu wa chuma. Hapo yanabandikwa matokeo ya mitihani, orodha ya wale ambao hawajamaliza kulipa minervali, ratiba ya masomo na majina ya wanaongojea kutetea kazi zao. Mwanafunzi anafika, anasukumana na wenzake, anatafuta jina lake kwa kidole. Aliyepata 14 na aliyepata 7 wote wanasomwa mbele ya watu, na hakuna anayeshangaa.

Karatasi moja ni vigumu kuiona hapo: ile inayosema maji ya jengo hili yalipimwa siku gani, na nani, na yalipatikana na nini ndani.

Mwanafunzi akitaka kujua hali ya maji ya homu anamolala, atazunguka. Sekretari atamtuma kwa mkubwa wa majengo. Mkubwa wa majengo atamtuma REGIDESO. REGIDESO itamwambia kwamba maji yanatoka kiwandani yakiwa yametiwa dawa, na kwamba yanayotokea nyuma ya konteri ni kazi ya mwenye jengo. Atarudi chumbani na bidoni yake, atajaza kwenye robine ile ile ya jana, na jioni atakunywa. Mwenye feza kidogo atanunua maji ya sashe. Ofisini mwa wakubwa kuna chupa za maji ya kununua, na hiyo nayo ni namna fulani ya kujibu swali.

Jibu la REGIDESO si la uongo, na ndiyo maana linastahili kusikilizwa vizuri. Shirika hilo, lililoundwa mwaka wa 1939, linachota maji mtoni ao ziwani, linayachuja, linayatia klore na kuyasukuma mjini. Maji yanaweza kutoka kiwandani yakiwa safi kabisa na kufika kwenye kikombe yakiwa mabaya, kwa sababu kati ya hivyo viwili kuna kilometa za mabomba, na mwishoni kuna jengo. Jengo la chuo lina mabomba yake, mara nyingi ya miaka mingi. Lina tanki juu ya paa ao kando ya ukuta. Lina robine zilizofungwa miezi mitatu ya likizo. Na linakatiwa maji.

Hilo la mwisho ndilo linaleta hatari zaidi. Wakati bomba limejaa na maji yanasukumwa kwa nguvu, pakiwa na tundu, maji yanatoka nje. Kinachopotea ni maji tu. Lakini maji yakikatwa, nguvu ile inashuka, na bomba linaanza kuvuta kwa ndani kile kinacholizunguka: matope, maji ya mvua, maji ya choo kama shimo liko karibu. Maji yakirudi, ya kwanza yanatoka na rangi ya chai. Kila mwanafunzi wa Bukavu ameyaona. Anayaacha yatiririke, anangoja yawe meupe, kisha anajaza. Macho yake yamemwambia matope yamekwisha. Hayawezi kumwambia lolote juu ya mikrobi.

Klore nayo inapungua njiani. Inakula uchafu inaokutana nao, na ikikaa ndani ya tanki inaisha polepole, zaidi kama tanki lina tope chini na jua linalipiga mchana kutwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji yakishakaa na klore kwa dakika 30, yabakiwe na miligramu 0.5 kwa litre, na kwamba pahali mtu anapoyachota zisipungue 0.2. Kipimo hicho cha 0.2 kinaonekana kidogo kama mchezo, lakini ndicho askari anayelinda mlango. Akiondoka, mikrobi yoyote inayoingia baadaye inakaa kwa amani.

Uvira imetoa ushahidi ambao ulisomwa dunia nzima. Watafiti wa London walishirikiana na watu wa hapo na kuchukua hesabu za kuanzia mwaka wa 2009 hadi 2014: siku ambazo kiwanda kilitoa maji na siku ambazo hakikutoa, upande mmoja, wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha kutibu kolera, upande wa pili. Kazi yao ilichapishwa mwaka wa 2015. Katika siku 12 zilizofuata siku ambayo robine zilikauka, wagonjwa waliongezeka mara mbili na nusu wakilinganishwa na wale wa siku ambazo maji yalitoka vizuri. Walikadiria kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alitokana na kuyumba huko kwa maji. Sababu inaeleweka bila kuwa profesa: robine ikikauka, watu wanarudi ziwani na mtoni.

Chuo kikuu hakiko nje ya hesabu hiyo. Siku ambayo kampasi haina maji, vijana mia kadhaa wa homu moja hawaachi kupika wala kunywa. Wanatuma bidoni pahali pengine. Kuna wakati chuo kinaleta gari la maji na kujaza tanki, na hakuna anayeuliza gari hilo lilijaza wapi. Kutoka hapo, maji hayo yanaitwa "maji ya robine" kama mengine yote.

Goma inajua zaidi. Watu wazima wa mji huo wanakumbuka Julai 1994, wakati kolera na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda katika majuma machache. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava iliharibu mabomba na karibu watu nusu milioni wakabaki bila maji safi. Mwezi wa Januari 2025, vita vilipofika mjini, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na watu wakashuka tena ziwani na bidoni. Baada ya kila tukio la namna hiyo mabomba yanajazwa upya, maji yanarudi, watu wanashukuru. Ndiyo siku ambayo kila robine ya kampasi ingepaswa kupimwa kabla ya mtu kuinywea.

Tena si mikrobi peke yake. Maji yanayopita katika mawe ya volkano karibu na Goma yanaweza kubeba fluori nyingi. Ikizidi miligramu 1.5 kwa litre kwa muda mrefu, meno ya watoto yanapata madoa ya rangi ya kahawa, na ikizidi sana inafika kwenye mifupa. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua kwenye sufuria, fluori inabaki. Lubumbashi na Likasi wana hofu ya madini. Na kuna risasi, ambayo haitoki mtoni wala mgodini. Inatoka ndani ya jengo lenyewe, kwenye viungo vya mabomba ya zamani na kwenye robine za bei rahisi, hasa maji yakilala humo usiku mzima.

Anayefikiri hayo ni matatizo ya maskini tu, aangalie yaliyotokea Marekani. Mwaka wa 2022, Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill, kilikuta risasi katika robine za kunywea za maktaba yake moja. Wakaendelea kupima majengo mengine, na katika mengi wakakuta robine zenye shida hiyo. Ni chuo tajiri, chenye shule ya afya ya watu inayojulikana duniani, na wanafunzi walikuwa wamekunywa hapo bila kujua. La kukumbuka ni walichofanya kisha: vipimo viliwekwa wazi, jengo kwa jengo, robine kwa robine, na zile mbaya zikaondolewa kwenye kazi. Wazazi walikasirika. Chuo hakikufungwa.

Hapa kwetu sababu ya kwanza inayotolewa ni feza, na si sababu ya kuchekwa. Vyuo vingi vinaishi kwa kile ambacho wanafunzi wanalipa, mishahara inachelewa, labo inakosa hata gazi ya kuwashia moto. Lakini tuangalie vizuri nini kinakosekana. Katika maktaba za vyuo vya Mashariki kuna kazi za mwisho wa masomo, TFC na memware, zinazohusu maji: chemchemi ya mtaa fulani, kisima cha kijiji fulani, maji ya sashe yanayouzwa sokoni. Mwanafunzi wa biolojia, wa kemia ao wa afya amechukua chupa, ameshuka bondeni, ameleta maji labo, amehesabu bakteria, ameandika meza za matokeo na kumalizia na mashauri kwa serkali, kwa REGIDESO na kwa wakaaji. Kisha anatetea kazi yake, anapigiwa makofi, anatoka nje ya oditware na kunywa maji ya robine ya uwanjani. Elimu ya kupima iko. Mara nyingi inatumwa mtaani, inasahau nyumba yake.

Na iko kwa kiwango cha juu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, ndio walioonyesha, katika kazi iliyochapishwa mwaka wa 2009, kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti na madini mengine mengi katika mkojo. Uvira ina Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, ambacho kinaangalia maji ya Ziwa Tanganyika. Kivu ya Kusini ina Lwiro. Vyuo vya ufundi wa afya vinafundisha kila mwaka vijana wa labo ambao wanajua kutafuta bakteria kwenye sahani ya kioo.

Kazi yenyewe inaweza kuanza na kitu kidogo sana. Klore inapimwa kwa kidonge kinachoitwa DPD: kinatiwa katika kichupa cha maji, maji yanageuka rangi ya waridi, rangi inalinganishwa na kipimo kilichochorwa pembeni. Yakibaki meupe, klore hakuna. Inachukua dakika chache, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kufundishwa asubuhi akafanya mchana. Kipimo hicho kifanywe kila juma, kwenye kila jengo, na mtu aandike namba na tarehe. Hakisemi kama mikrobi ipo. Kinasema kama askari bado yuko mlangoni, na hilo peke yake lingefunua tanki nyingi.

Kwa mikrobi, kinachotafutwa ni bakteria ya Escherichia coli, ambayo inakaa ndani ya matumbo ya watu na wanyama. Ikionekana majini, maana yake ni moja: kinyesi kimepita humo. Kanuni ni kwamba isionekane hata moja katika mililita 100. Kuitafuta kunaomba uangalifu. Chupa iwe imechemshwa na kufungwa, ndani iwe na punje ya dawa ya kuzima klore, kwa sababu klore ikiendelea kufanya kazi njiani itaua bakteria na kuleta jibu zuri la uongo. Robine ipanguswe na kupitishwa moto, maji yaachwe yatiririke kwanza, mkono usiguse mdomo wa chupa. Chupa iwekwe kwenye kisanduku chenye barafu na ifike labo siku ile ile. Kisha maji yanapitishwa katika kichujio chembamba, kichujio kinalazwa juu ya chakula cha bakteria, na kinakaa katika joto la digri 44 usiku mzima. Hapo umeme wa SNEL unakuwa mjumbe wa komite, maana ukikatika saa nane ya usiku kazi imeharibika. Labo yenye betri ao paneli ndogo ya jua inaweza kushinda shida hiyo.

Ambaye hana hayo yote, kuna chupa yenye kikaratasi, njia iliyotoka India mwaka wa 1982. Maji yanatiwa ndani na kuachwa pahali penye joto. Yakigeuka meusi baada ya siku moja ao mbili, yanatiliwa mashaka. Bukavu ina baridi, itabidi chupa itafutiwe pahali pa joto. Karibu na volkano, maji yenye kiberiti ya asili yanaweza kugeuka meusi bila kosa la mtu, kwa hiyo jibu jeusi ni la kurudia na kuhakikisha, wala si la kupigia kengele usiku huo huo.

Lakini jambo ambalo linasahauliwa zaidi ni pahali pa kuchota. Chupa moja kutoka uwanjani haisemi kitu juu ya homu ya ghorofa tatu. Kwa kila jengo zinatakiwa angalau chupa tatu: moja kwenye konteri, maji yanapoingia, moja chini ya tanki, moja kwenye robine ambayo watu wanainywea kweli, hata kama iko karibu na choo, zaidi sana kama iko karibu na choo. Ya konteri ikiwa nzuri na ya tanki ikiwa mbaya, REGIDESO haina kosa, na tanki lioshwe. Ya konteri ikiwa mbaya, chuo kina karatasi mkononi ya kupeleka REGIDESO, kitu ambacho ni tofauti kabisa na kulalamika kwa redio. Ya tanki ikiwa nzuri na ya robine mbaya, fundi wa mabomba ajue pahali pa kuchimba. Kwa risasi na shaba mambo yanageuka: yanachukuliwa maji ya kwanza kabisa ya asubuhi, yaliyolala bombani, kabla mtu hajafungua.

Kuna wakubwa wa vyuo ambao wanaogopa matokeo kuliko maji. Wanasema karatasi mbaya ikibandikwa, wanafunzi watapiga makelele, wazazi watapeleka watoto pengine, chuo jirani kitacheka. Hofu hiyo inaeleweka katika mji ambao vyuo vinagombania wanafunzi. Ila mwanafunzi anayelala wiki mbili na tifoide katikati ya kipindi cha mitihani ameshaona matokeo kwa njia ingine, na baba yake aliyeuza mbuzi kwa kulipa hospitali naye ameyaona. Vyuo vikipima vyote, hakuna atakayemcheka mwenzake. Na kwa kuwa hakuna mwanafunzi anayejisahihishia mtihani wake, labo ya chuo kimoja inaweza kupima majengo ya chuo kingine, mwaka unaofuata wakabadilishana. Ingekuwa pia mazoezi mazuri kwa vijana wanaotafuta pahali pa kufanya staji.

Sheria haikosi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya maji ipo. Wizara inayosimamia vyuo vikuu inapotuma wakaguzi, wanaangalia walimu, vyumba vya masomo, maktaba, orodha ya wanafunzi. Waongeze swali moja: karatasi ya maji iko wapi? Komite za wanafunzi nazo, ambazo zinajua kusimamisha masomo kwa sababu ya minervali iliyopanda, zinaweza kupeleka barua ya ukurasa mmoja kwa rekta kuuliza swali hilo hilo.

Wakati mzuri wa kuanza ni majuma mawili kabla ya masomo kufunguliwa. Maji yamelala miezi bombani, tanki lina mijusi na majani, homu bado haina watu. Tanki lifunguliwe, tope litolewe, kuta zisuguliwe, klore ya kutosha itiwe na kuachwa, kisha maji yamwagwe na robine zote zifunguliwe mpaka mwisho wa mstari. Baada ya hapo chupa tatu kwa kila jengo. Robine itakayoshindwa iandikwe juu yake, kwa rangi isiyofutika, kwamba si ya kunywa, mpaka ipimwe tena na kupita. Na asubuhi ya siku ya kwanza, wanafunzi wapya wanapokuja kutafuta majina yao kwenye valvu, wakute pembeni karatasi nyingine yenye majina ya majengo, tarehe, namba ya klore, jibu la bakteria, na saini ya mkubwa wa labo chini yake.